Deni la Anayesema kwa Jina la Mungu

Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti dogo aliloliita Sahifa. Aliliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu ambazo watu wengi waliopita chuoni utotoni waliweza kuzisoma. Miaka miwili baadaye likafuata al-Islah, lililochanganya Kiswahili na Kiarabu. Aliyeyaandika magazeti hayo hakuwa mtu wa elimu haba. Alikuwa mwanachuoni aliyebobea katika fiqhi na tafsiri, mzaliwa wa ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, msomaji wa maandishi ya wanamageuzi wa Cairo, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kama angeandika Kiarabu kitupu, wanavyuoni wenzake wa pwani na wa Uarabuni wangemsoma, na heshima yake isingepungua hata kidogo. Lakini alikuwa na maneno ya kuwaambia watu wa mji mzima, juu ya malezi ya watoto, juu ya elimu, juu ya fedha zinazoteketezwa katika arusi na matanga, na watu wa mji mzima hawakuwa wanavyuoni.

Uamuzi wake unaweza kuonekana kama shauri la gazeti tu: andika lugha ambayo wanunuzi wataisoma. Ndani yake, hata hivyo, kuna swali la dini lenye umri mkubwa kuliko magazeti. Anayesema na watu kwa jina la Mungu, je, anawiwa nao maneno yanayoeleweka? Au kueleweka ni hisani, ambayo mwenye elimu anaweza kuitoa akipenda na kuizuia akipenda?

Makala haya yanashika upande wa kwanza. Ni deni, na deni hilo lina mipaka yake.

Vitabu vyenyewe vinaanza na nabii mwenye ulimi mzito. Katika Kutoka, Musa anajitetea kwamba yeye si msemaji, na Mungu anampa ndugu yake Haruni awe kinywa chake. Katika sura ya Taha, Musa anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na anataja sababu: ili watu wayafahamu maneno yake. Haombi ufasaha wa kuwashangaza watu wa Firauni. Haombi sauti ya kutetemesha baraza. Anaomba aeleweke, basi. Na Kurani, katika sura ya Ibrahim, inaeleza kuwa kila mtume alitumwa na lugha ya watu wake ili awabainishie. Msomaji akizisoma aya hizo polepole ataona kwamba kubainisha hakukuachiwa msikilizaji ahangaike nako peke yake. Ni sehemu ya utume.

Mapokezi ya Waislamu yanaendelea pale pale. Katika mkusanyo wa Imam Bukhari, Bibi Aisha anasimulia kwamba Mtume alizungumza kwa namna ambayo mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeyahesabu. Anas anasimulia kwamba alikuwa akilirudia neno mara tatu mpaka lieleweke. Kuna pia kauli ya Ali bin Abi Talib, ambayo kila khatibu angepaswa kuikumbuka kabla ya kupanda mimbari: watu waambiwe kwa kadiri wanavyoweza kufahamu, kwa sababu asiyeelewa huishia kumkadhibisha Mungu na Mtume wake. Uzito wa kauli hiyo uko kwenye sababu. Ali hasemi kwamba maneno magumu yanachosha. Anasema yanaweza kumtoa mtu kwenye imani, na lawama inamwangukia msemaji.

Mtume Paulo aliandika jambo la jinsi hiyo hiyo kwa Wakristo wa Korintho, mji wa bandari uliojaa watu wa kila namna, ambako waumini walikuwa wakijivunia kunena kwa lugha. Hakuwakataza. Aliwaambia tu kwamba katika kanisa yeye angechagua maneno matano yenye maana ya kuwafundisha wengine kuliko maneno elfu kumi ya lugha isiyojulikana. Aliongeza swali ambalo halijapata jibu zuri hadi leo: mgeni aliyekaa pale, asiyeelewa, ataitikiaje amina? Amina ni ridhaa. Mtu hawezi kuridhia asichokijua.

Hapa ndipo hoja inapokaza. Lugha wazi hufanya zaidi ya kumpa msikilizaji habari. Inampa uwezo wa kukubali kwa kweli, na hapohapo uwezo wa kukataa, kuuliza, kusema kwamba jambo hili halimwingii akilini. Msemaji anayefichama nyuma ya maneno mazito anajikinga na swali. Hata kama hakukusudia, amemnyang'anya mwenzake haki ya kumjibu.

Wapo wenye hekima waliosema kinyume, na wanastahili kusikilizwa kwa makini. Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi wa Seville na Cordoba, aliandika karibu mwaka 1180 kitabu kifupi juu ya uhusiano wa falsafa na sharia. Humo aliwagawa watu makundi matatu kwa namna wanavyosadiki: wengi husadiki kwa mawaidha, baadhi kwa mjadala, na wachache kwa hoja yakinifu. Tafsiri za ndani za maandiko, alisema, wasipewe wale wengi, kwani zitawabomolea imani ya dhahiri bila kuwajengea nyingine. Karibu miaka sabini kabla yake, mwanachuoni Ghazali naye, katika moja ya vitabu vyake vya mwisho kabla ya kufa mwaka 1111, alitaka watu wa kawaida wazuiwe wasiingie katika ilmu al-kalam, yaani elimu ya hoja za itikadi, na mabishano yake juu ya sifa za Mungu.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Walikuwa wameona miji ikigawanyika na watu wakiitana makafiri kwa masuala ambayo aliyeyapigia kelele hakuyaelewa. Hata hivyo, walichokataza ni kumwaga baadhi ya mambo mbele ya kila mtu; hawakuruhusu mambo ambayo kila mtu anayahitaji yasemwe kwa namna isiyoeleweka. Ghazali mwenyewe ni shahidi. Baada ya kuandika kwa Kiarabu kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alikaa tena akaandika Kimiya cha Saada kwa Kiajemi, lugha ya nyumbani kwao Khorasan, ili wasiojua Kiarabu wapate kiini cha mafundisho yale. Mtu aliyeonwa na wengi kuwa hodari wa zama zake alikubali kuianza kazi upya kwa ajili ya watu ambao wasingeweza kumsifu kwa Kiarabu chake.

Tena hali imebadilika. Zama za Ibn Rushd mlango wa maktaba ungeweza kufungwa. Leo kijana wa Temeke au Kisauni ana simu mfukoni, na kila utata wa dini uliowahi kubishaniwa umo humo, mara nyingi mdomoni mwa mtu asiyefaa kuufundisha. Mwalimu akinyamaza au akisema kwa mafumbo, kijana hatabaki hajui. Atafundishwa na mwingine.

Kwenye neno mafumbo inafaa tutue kidogo, kwa sababu Mswahili atauliza, na ana haki ya kuuliza: tangu lini lugha yetu ikadharau fumbo? Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua, na watu wa pwani wamejivunia werevu huo kwa karne nyingi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga katika siku ambazo mji wake ulikuwa ukivutana na Seyyid Said, mtawala wa Oman, na mashairi yake yalikwenda na kurudi baina ya miji kama silaha zilizofichwa vazini. Kanga nayo hubeba maneno ambayo anayeivaa asingeyatamka mbele ya jirani. Sanaa hii ni tamu na ni urithi wa kweli.

Lakini itazamwe nani anamfumbia nani. Muyaka aliwafumbia mahasimu wenye ujuzi kama wake, ambao walikuwa na washairi wa kumjibu. Mwanamke wa kanga anajisitiri, kwa sababu akisema wazi huenda akaumia. Fumbo la namna hiyo ni mchezo wa walio sawa au ngao ya aliye chini. Likigeuka kuwa njia ya mwenye mimbari kusema na mtu aliyekuja na kilio chake, limeacha kazi yake. Mjane aliyekwenda kuuliza fungu lake la mirathi hakwenda kushindana na sheikh kwa werevu. Anataka kujua ni robo au ni thumni, na kwa nini.

Wala ushairi haukunyimwa uwazi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, aliutunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake. Kiswahili chake ni cha kaskazini, na leo msomaji wa Dodoma atahitaji msaada katika maneno mengi, lakini binti aliyeandikiwa hakuhitaji. Mama alikuwa na mambo ya dini, adabu na nyumba ya kumwachia mwanawe, na aliyapanga katika mizani ili yakae kichwani. Zaidi ya karne moja baadaye Julius Nyerere alitumia utenzi vilevile alipozitia Injili katika beti za Kiswahili. Wote wawili walichagua umbo ambalo msikilizaji analibeba bila karatasi.

Kisa cha Kurani kwa Kiswahili kinaonyesha gharama ya kuchelewa kulilipa deni hili. Tafsiri kamili ya kwanza kuchapishwa, mwaka 1923, haikutoka kwa Mwislamu. Iliandikwa na Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na kwa sehemu kubwa ilikusudiwa kuwasaidia walimu wa Kikristo katika hoja zao na Waislamu. Ya pili ilitolewa mwaka 1953 na Jumuiya ya Ahmadiyya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na wanavyuoni wa Kisunni wa pwani waliipinga vikali. Ilipofika mwaka 1969 ndipo Islamic Foundation ya Nairobi ilipotoa kitabu kizima cha Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Zanzibar na mwanafunzi wa Sheikh al-Amin, aliyekuwa amewahi kuwa Kadhi wa Zanzibar na wakati huo Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh al-Amin mwenyewe alikuwa ameianza kazi ya namna hiyo, akafariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza.

Al-Farsy alifanya kazi ya ualimu wa shule kwa miaka mingi, na ualimu huo unaonekana katika kila ukurasa. Anatafsiri, kisha anaongeza maelezo kwenye mabano, kisha tanbihi, kana kwamba mbele yake amekaa mwanafunzi aliyenyoosha mkono. Wanaopenda ufupi wamelalamika. Yeye alimfikiria zaidi msomaji ambaye hana wa kumuuliza.

Waliopinga tafsiri walikuwa na hoja nzito: neno la Mungu limeshuka kwa Kiarabu, na Kiswahili chake si Kurani. Hilo ni kweli, na hakuna mtafsiri mwenye imani aliyelikana. Mwislamu wa Ujiji husoma Fatiha kwa Kiarabu kama wa Jakarta, na kuna udugu ndani yake ambao usingefaa kupotezwa. Kinachosaidia hapa ni kutenganisha pande mbili za maneno ya dini. Katika swala mja anazungumza na Mola wake, na Mola hahitaji kurahisishiwa. Katika mafundisho mtu anazungumza na mtu mwenzake kwa jina la Mola, na hapo ndipo deni linapozaliwa.

Sharia yenyewe inaijua tofauti hiyo. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, yanataka nguzo za khutba ya Ijumaa ziwe kwa Kiarabu, na ndiyo maana misikiti mingi huweka mawaidha ya Kiswahili kabla yake au huyaingiza kati. Ikija nikahi, kauli iliyopewa nguvu na Imam Nawawi ni kwamba ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali, huswihi kwa lugha nyingine. Katika mkataba, Kiarabu kisichofahamika hakimtoshi mtu. Walio mbele ya kadhi lazima waelewe wanachokifunga. Binti anayeulizwa kama ameridhia aulizwe kwa maneno yanayoweza kujibiwa hapana.

Wakatoliki waliufikisha uamuzi wao mahali pengine. Kwa karne nyingi misa iliadhimishwa kwa Kilatini, hata Bagamoyo na Bukoba, ingawa mahubiri na nyimbo vilikuwa katika lugha za watu. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha Konstitusio juu ya Liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4, na kufungua mlango wa lugha za wenyeji ndani ya ibada yenyewe. Miongoni mwa mababa wa mtaguso alikuwepo Laurean Rugambwa wa Bukoba, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama za sasa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba waamini washiriki kwa kujua na kwa kutenda, wasibaki watazamaji. Wapo waliouhuzunikia uzuri wa Kilatini, na huzuni yao haikuwa upuuzi. Lakini bibi wa Kagera aliyesikia kwa mara ya kwanza, kwa lugha anayoielewa, maneno ambayo padri husema juu ya mkate, alipata kitu ambacho hakuna haki ya kumnyima.

Kuna mahali ambapo giza la maneno si suala la mapokeo wala uzuri tena. Ni suala la fedha. Katika miji ya Afrika Mashariki mahubiri ya mafanikio yamejijengea msamiati wake: kupanda mbegu, kugusa madhabahu, kufungua malango. Kila neno limetolewa katika Biblia, na kwa hiyo linasikika takatifu. Sasa lisemwe bila pambo: nipe shilingi elfu hamsini, nami nakuahidi kwamba Mungu atakurudishia zaidi. Sentensi hiyo inaeleweka na kila mtu, na kwa sababu inaeleweka, mama muuza mboga ataweza kuuliza lini, kwa njia gani, na nani atawajibika isipokuwa hivyo. Maneno ya mbegu yamemkinga mhubiri na maswali hayo. Misikitini nako yupo anayeufunga mjadala kwa kutaja majina ya vitabu na misemo ya Kiarabu mbele ya watu anaojua hawawezi kuifuatilia. Haombi fedha kila mara. Anaomba kutiiwa bila kuulizwa.

Wengine wanahofu kwamba uwazi utaifanya dini iwe nyepesi. Hofu hiyo inamsahau Martin Luther, mtafsiri wa Biblia kwa Kijerumani. Katika barua yake ya mwaka 1530 juu ya kutafsiri, alieleza kwamba lugha ya Biblia lazima itafutwe kwa mama nyumbani, kwa watoto njiani na kwa mtu wa kawaida sokoni. Katika barua hiyohiyo alisimulia kwamba walipokuwa wakitafsiri kitabu cha Ayubu, yeye na wenzake wawili waliojua lugha za kale, kuna nyakati siku nne ziliwapita wakiwa hawajamaliza hata mistari mitatu. Anayeisoma Biblia ile huona maneno yaliyonyooka tu. Jasho limebaki kwa watafsiri, mahali pake.

Na ugumu mwingine hautaondoka kwa jasho lolote. Baba aliyezika mtoto anauliza kwa nini. Kadari, maumivu ya wasio na hatia, umoja wa Mungu anaoukiri Mkristo katika nafsi tatu: hayo yatabaki magumu hata yasemwe kwa Kiswahili cha mtoto wa darasa la tatu. Uwazi hapa ni kumwonyesha mtu mahali hasa elimu inapokoma. Imepokewa kwamba Imam Malik wa Madina aliulizwa maswali 48, akajibu 32 kati yake kwa kusema hajui. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa mji wa Mtume, na wageni walisafiri miezi kumfuata. Hakulifunika pengo kwa maneno. Baba yule aliyefiwa ataweza zaidi kuishi na mwalimu anayesema sijui akakaa naye, kuliko anayemmwagia istilahi kisha akaangalia saa.

Basi mashehe, mapadri na wachungaji wanaoandaa maneno ya Ijumaa na Jumapili hii wamfikirie mtu mmoja wanayemjua kwa jina, asiyesoma zaidi ya darasa la saba, na waulize kama ataelewa vya kutosha hata aweze kuwapinga. Na msikilizaji asione haya. Swala au misa ikiisha, amngoje mhubiri mlangoni, amwamkie kwa adabu, amwambie: Sheikh, au Baba Padri, au Mchungaji, lile neno sikulielewa, naomba unifafanulie. Anayo haki ya kuuliza, na yule aliyesimama mbele yake akihubiri ana wajibu wa kumjibu.